Kutoka Dar Hadi Msamvu: Historia ya Onyesho la Nyumbani

Feltham, upande wa magharibi wa wilaya ya Hounslow, London, kuna mtaa unaoitwa Gladstone Avenue, na ukutani kwa nyumba namba 22 kuna kibao cha duara cha rangi ya buluu. Kilizinduliwa Septemba 2016. Kinamtaja Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akaja hapa na wazazi wake 1964 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, akasoma sanaa katika chuo cha Isleworth kabla ya kuhamia cha Ealing. Katikati ya mji wa Feltham pia iliwekwa nyota yake ya jiwe, Novemba 2009, na siku hiyo mama yake mzazi, Bi Jer Bulsara, alikuwepo, pamoja na mpiga gitaa wa bendi yake, Brian May, ambaye naye alikulia pande hizi. Ninaishi Feltham, na basi la 117 linalonipeleka kazini hospitalini Isleworth hupita katikati ya mji huu. Kila nikimfikiria mtu huyu natafuta jambo moja katika maisha yake na silipati: siku aliyorudi kuimba kwao. Unguja hakurudi kuimba hata mara moja. Feltham nayo ilimwekea jiwe miaka 18 baada ya kufariki.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, mji kasoro bahari. Kwetu msanii wa hip-hop aliyekaa kwenye fani mpaka mvi zikaanza kuchungulia anadaiwa kitu, na watu hawaoni haya kumdai. Anadaiwa onyesho la nyumbani. Asimame pale walipo waliomjua kabla hajawa na jina la kisanii, achane mistari yake mbele ya mama ntilie aliyemkopesha chapati, na wao waamue kama bado ni wao. Vijana wa siku hizi hudhani desturi hii ni ya zamani kama ngoma za Uluguru. Umri wake ni miaka thelathini na ushee tu, na chanzo chake kinajulikana: studio zote zilikuwa Dar es Salaam.

Wazazi wangu hawakuwa na haja ya onyesho la nyumbani. Wao walikuwa na bendi. Salum Abdallah alianza kupiga muziki Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1940, na bendi yake ya Cuban Marimba ikaufanya mji wetu ujulikane hadi nje ya nchi. Alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza aliiendeleza. Upande wa pili walikuwa Morogoro Jazz, bendi iliyokuwepo tangu miaka ya 1940, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 walikuwa na kijana anayeitwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye gitaa lake nadhani halijapata mrithi mpaka leo. Baba alikuwa wa Cuban. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa wa Moro Jazz, na nyumbani kwetu ubishi wao ulikuwa mkali kuliko wa Simba na Yanga. Mwaka 1970 Moro Jazz walipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, mjomba alitembea mjini wiki nzima kana kwamba yeye ndiye aliyepanda ndege. Ndivyo mama alivyotusimulia.

Fikiria bendi ile ilivyofanya kazi. Magitaa, ngoma na saksafoni vilikuwa mali ya bendi, na vililala Morogoro. Mishahara ililipwa Morogoro. Wapigaji waliojua kila kipande cha wimbo, nani ataingia wapi, walikuwa Morogoro. Bendi ilikwenda kurekodi, ilizunguka mikoani, ilifika Kenya, lakini ilirudi kwa sababu vyombo vyake na watu wake walikuwa huko. Kila wikiendi ilikuwa onyesho la nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyeliita hivyo. Mbaraka alipojitoa 1973 akaunda Super Volcano, mji uligawanyika. Alipofariki kwa ajali nchini Kenya, Januari 1979, mji uliungana tena kwenye kilio. Mama anasema siku ile hata watu wa Cuban hawakupiga muziki.

Kisha likaja kundi letu, tuliozaliwa miaka ya sabini, na sisi hatukuwa na chombo hata kimoja.

Tulichokuwa nacho ni disko toto. Jumapili mchana ukumbi wa watu wazima ulifunguliwa kwa ajili ya watoto, tunacheza mpaka jua linapozama, halafu tunafukuzwa turudi nyumbani kuoga. Hapo ndipo nilipoona hip-hop kwa mara ya kwanza. DJ aliweka santuri ya Wamarekani upande usio na sauti, mdundo mtupu, na kijana mmoja akachukua maiki akaanza kubwabwaja Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa, yeye mwenyewe akiwemo. Tulipiga makofi kwa ujasiri wake. Mwaka 1991 zikaanza kuzagaa kaseti za Saleh Jabir, kijana wa Dar es Salaam aliyechukua mdundo wa Kimarekani akaweka Kiswahili juu yake, tena wimbo ule ule uliokuwa ukipigwa kila disko. Ghafla tukaelewa mtu anasema nini. Sijui kama watu wa leo wanaweza kuona uzito wa jambo hilo. Wavulana wa mtaani kwetu walibadilika ndani ya muhula mmoja wa shule, wakaacha Kiingereza cha kuotea, wakaanza kuandika kwenye kurasa za nyuma za madaftari, wanatafuta vina.

Lakini ili sauti yako isikike ilibidi upande basi. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali, mpaka Radio One ilipoanza 1994. Studio zilizokubali kurekodi rapu zilikuwa Dar: Mawingu ya Boni Luv, MJ ya Master J, na baadaye Bongo Records ya P Funk Majani. Toka Morogoro hadi Dar ni kilomita 190 hivi. Kijana alikusanya nauli, akalala kwa shangazi Manzese au kwa rafiki wa rafiki Kinondoni, akasubiri siku nzima kwenye benchi la studio apewe saa moja ya usiku wa manane. Waliobahatika wakabaki huko huko, kwa kuwa redio ilikuwa huko, wasambazaji wa kaseti walikuwa Kariakoo, na promota alimtafuta mtu aliye karibu. Waliokosa bahati walirudi kuuza mitumba, na baadhi yao nawakumbuka mpaka leo kwa mistari ambayo haikuwahi kurekodiwa.

Hapo ndipo mambo yalipopinduka. Mwanamuziki wa bendi alikuwa na mwili wake Morogoro na sauti yake ikasafiri. Mwana hip-hop mwili wake ulikwenda Dar, sauti ikarudi kwanza, peke yake, kwenye redio ya dukani. Mtu anakaa anakunywa chai, anasikia mtaa wake unatajwa na mtu aliye mbali. Hip-hop haiwezi kunyamaza kuhusu inakotoka: ndiyo muziki pekee ninaoujua ambao msanii hutaja kwao kabla hata hajataja jina lake mwenyewe. Kwa hiyo madai yakaanza. Kama unatutaja, njoo tukuone.

Onyesho la nyumbani kwa kawaida lilitangazwa na gari. Pikapu ya kukodi, spika mbili zimefungwa kwa kamba nyuma, na kijana mwenye sauti nzito anapita Mafiga, Mji Mpya, Kichangani, Kihonda, anaahidi mambo ambayo nusu yake hayatatokea. Mabango yalichorwa kwa mkono kwenye kitambaa na kufungwa Msamvu, stendi ya mabasi, ili hata abiria wa Iringa na Dodoma wajue. Msanii naye alishuka Msamvu siku hiyo hiyo au usiku wa kuamkia. Siku hizi huja na magari ya vioo vyeusi. Zamani alishuka kwenye basi kama sisi, na safari ya onyesho ilianzia pale stendi, kwa sababu wapiga debe ndio waliokuwa wa kwanza kumpima. Akiwasalimia kwa majina, habari ilifika mjini kabla yake. Akijifanya hawakumbuki, nayo ilifika.

Uwanja ulikuwa Jamhuri, au ukumbi wowote uliopatikana. Muziki ulitoka kwenye kaseti na baadaye CD. Tuliita pleibeki, na wengi walichana juu ya sauti yao wenyewe iliyorekodiwa, mdomo ukifukuzana na spika. Dar watu walivumilia. Nyumbani hapana. Nyumbani walitaka mdundo uzimwe. Sauti moja ilipazwa kutoka nyuma, "Chana kavu!", na uwanja mzima ukaitikia. Ndipo ungejua kama mtu anajua kazi yake. Nimeshuhudia jina kubwa likipotea jukwaani dakika ile, na nimeshuhudia kijana mwembamba asiyejulikana, aliyepewa nafasi ya kufungua tu, akichana kavu mpaka mabaunsa wakasahau kulinda geti.

Kwa mji wetu, aliyeibeba desturi hii kuliko wote ni Afande Sele. Selemani Msindi alikuja na kundi lake lililojiita Watu Pori, na wakati ule mtu wa mkoani akiitwa wa porini lilikuwa tusi la watu wa Dar. Wao wakalivaa kifuani. Mwaka 2004 alipotwaa taji la Mfalme wa Rhymes, na gari juu yake, jambo lilikuwa kubwa kuliko zawadi yenyewe. Shindano lilikuwa na wakali wa Dar, wenye studio na redio mlangoni mwao, na mfalme akatoka Moro. Mistari yake ilikuwa mizito, imejaa mafumbo ya kizee, lakini inaingia kwa mtoto wa darasa la saba. Na alibaki kwetu. Hilo ndilo lililomtofautisha. Wengine walirudi kutembea, yeye alikuwa anaonekana sokoni, unakutana naye, unabishana naye. Mwaka 2015 aligombea ubunge wa Morogoro Mjini kupitia ACT-Wazalendo dhidi ya Aziz Abood wa CCM, mwenye yale mabasi ambayo wavulana wa kundi letu waliyapanda kwenda kutafuta studio, na akashindwa. Nilikuwa tayari huku Uingereza. Niliumia, ingawa sikuwa na hakika kama Bunge lingemfaa mtu aliyezoea kusema anachokiona siku anapokiona.

Niseme jambo la wanawake, kwa sababu historia hii husimuliwa kama vile hatukuwepo. Disko toto lilikuwa letu pia. Onyesho la nyumbani halikuwa letu, si kwa usawa. Lilianza usiku, mama alikataa, na aliyeenda kwa siri alijibu maswali ya kaka zake wiki nzima. Zay B na Sister P walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulijua mistari yao yote, wakati huo nikiwa chuo cha uuguzi, tukichana bwenini kwa kupokezana, mmoja akipiga mdundo kwenye ndoo. Lakini ukiuliza leo nani aliwahi kufanya onyesho la kurudi kwao akapokewa na mtaa mzima, majina utakayopewa ni ya wanaume. Wasichana wengi waliacha maiki walipoolewa, na hakuna gari la matangazo lililopita kuwaulizia.

Miji mingine ilikuwa na watu wake. Temeke walikuwa na Juma Nature, na alipopanda jukwaani kwao hapakuwa na mgeni, Temeke nzima ilikuwa kiitikio. Tanga walikuwa na Wagosi wa Kaya, ambao walichana kwa lafudhi ya kwao bila kuisafisha, nami nawaheshimu sana kwa hilo. Arusha walikuwa na X Plastaz, waliozunguka Ulaya wakiwa na mgolori mabegani, na ambao mmoja wao, Father Nelly, aliuawa huko huko Arusha mwaka 2006. Nairobi, Kalamashaka walitoka Dandora, penye jalala kubwa la jiji, na wakawafundisha Wakenya kwamba rapu ya Kiswahili inaweza kuwa na hasira na akili kwa wakati mmoja.

Mbeya ni habari nyingine. Joseph Mbilinyi, ambaye kwanza alijiita 2Proud, kisha Mr. II, kisha Sugu, ndiye aliyetuonyesha kwamba rapu ya Kiswahili inaweza kuwa albamu nzima, mtu anunue kaseti kwa ajili ya maneno. Mwaka 2010 Mbeya Mjini walimchagua kuwa mbunge kupitia CHADEMA, na 2015 wakamrudisha kwa kura zaidi ya 100,000. Mikutano yake ya hadhara na maonyesho yake vilikaribia kuwa kitu kimoja, umati ule ule, maiki ile ile. Na maiki ya nyumbani ilimgharimu. Mwanzoni mwa 2018 alihukumiwa kifungo kwa maneno aliyoyasema juu ya Rais wa wakati huo katika mkutano mjini Mbeya, akatumikia gerezani mji huo huo, akatoka Mei. Sijui msanii mwingine wa kwetu ambaye jukwaa lake na gereza lake vilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Sasa, Hounslow. Wilaya hii imezaa wanamuziki wa kutosha. M.I.A. alizaliwa hapa 1975, akapelekwa Sri Lanka akiwa mchanga, aliporudi Uingereza kama mkimbizi akakulia kusini mwa London, kwa hiyo Hounslow kwake ni mstari kwenye cheti cha kuzaliwa. Jay Sean alikulia hapa, akianza ujana wake kwa kurapu na binamu yake, na mwaka 2009 wimbo wake ulishika namba moja Marekani. Zamani zaidi, barabara kuu ya Hounslow ilikuwa na klabu ya Ricky-Tick, na Februari 1967 Jimi Hendrix alipiga gitaa pale. Ndani ya jengo la maduka la Treaty Centre palikuwa na ukumbi uliopewa jina la Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti ya radi, ambaye miaka ya 1930 alisoma Kiswahili chuoni hapa London na akacheza filamu moja na Jomo Kenyatta. Nilipolijua hilo nilijisikia kama nimekuta ndugu mahali nisipotarajia.

Jukwaa halikukosekana, basi. Lililokosekana ni watu wa kukaa. Hounslow ni mji wa uwanja wa ndege. Ndege za Heathrow zinashuka juu ya mapaa yetu, na nusu ya majirani zangu wanafanya kazi huko, mizigo, usafi, ulinzi, jikoni. Watu huja, hufanya zamu za usiku, hupata nyumba kubwa zaidi kwingine, huondoka. Wahindi wa Kenya waliokuja mwishoni mwa miaka ya 1960 na wale wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin 1972 ndio wazee wa mtaa. Wodini nimewahi kumhudumia bibi mmoja wa Kampala aliyenisikia nikiongea na simu, akaniita, "We mwanangu, njoo hapa, umetoka wapi?", na akanisimulia Kampala ya ujana wake kwa Kiswahili kilichonyooka. Bibi huyo ana nyumba Hounslow. Kwao ni kwingine. Msanii akirudi hapa kufanya onyesho la nyumbani, atarudi kwa nani?

Sisi Watanzania tulijibu swali hilo kwa njia yetu. Promota anakodi ukumbi, London au Reading, anamleta msanii wa Bongo. Tiketi inasema saa nne usiku, msanii anapanda saa nane. Wanawake wamepiga kitenge, wanaume wamevaa jezi za timu zao, kuna mishikaki mlangoni, na mwenye ukumbi anaangalia saa kwa kuwa kibali chake kina mwisho. Kisha linakuja lile ambalo watu hulipia hasa. Muziki unashushwa, msanii anaanza kuita. Wapi Temeke? Wapi Kinondoni? Wapi Tanga? Wapi Arusha? Mbeya mpo? Kila mji unaitika kwa kadiri ya watu wake, na wenye watu wachache hupiga kelele zaidi. Ikifika Moro tunaitika watu watatu, wanne, tukiwa pembe tofauti za ukumbi, na kabla ya asubuhi tunakuwa tumeshajuana: wewe wa Mazimbu, wewe wa Kihonda, mama yako si yule mwalimu? Nimepata wifi kwa njia hiyo. Ukumbi wa kukodi unageuka ramani ya nchi kwa dakika tano, kisha mdundo unarudi. Wapo wanaodharau maonyesho haya, wanasema ni pleibeki na fujo. Mimi nayatetea. Mwito ule umetoka moja kwa moja kwenye desturi ya nyumbani, umevushwa bahari bila kupoteza kiini chake, nao ni kazi ya hip-hop. Bendi hazikuita mitaa namna hiyo. Hazikuhitaji, mitaa ilikuwa mbele yao.

Mei 2013 rapa Albert Mangwair alifariki Johannesburg. Alikuwa wa miji mitatu, Mbeya alikozaliwa, Dodoma alikojulikana na kina Chamber Squad, na Morogoro ilipokuwa familia yake. Albamu yake ya 2004, A.K.A. Mimi, ilikuwa nyimbo za ujana wetu. Nilihama nayo nchi. Mwanzo wa Juni mwili ulirudishwa, ukaagwa Dar, kisha ukapelekwa Morogoro, na akazikwa Kihonda. Tulikusanyika sebuleni kwa dada mmoja hapa Hounslow, tukatazama picha zilizokuwa zikitumwa kwa simu. Barabara kutoka Msamvu ilijaa watu. Pikipiki, vijana juu ya miti, akina mama na khanga vichwani, watu wanaimba nyimbo zake huku wanalia. Dada mwenye nyumba, mtu mzima asiyependa hip-hop kabisa, ndiye aliyelisema: "Hili ndilo onyesho lake la nyumbani." Hakuna aliyemjibu. Nilikasirika, si na yeye, bali kwa sababu alisema kweli, na nilijiuliza kwa nini mji uliweza kujaa namna ile kwa jeneza, na wakati wa uhai wake haukupewa nafasi ya kujaa hivyo kwa ajili ya maiki.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia wakongwe kwa jicho la muuguzi. Wanaugua. Profesa Jay, aliyekuwa mbunge wa Mikumi, mkoani kwetu, kuanzia 2015 hadi 2020, alilazwa Muhimbili hali mbaya 2022, na alipopata nafuu akatoa wimbo alioupa jina la hesabu ya siku zake za ugonjwa, Siku 462, kisha akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Miili hii haitasubiri promota ajipange. Ndiyo maana nilifurahi Sugu alipofanya tamasha lake la miaka 30 ya muziki, The Dream Concert, Dar es Salaam, Mei 2022, na Rais Samia Suluhu Hassan akahudhuria, miaka minne tu baada ya mtu yule yule kutoka gerezani. Kizazi chetu kilikuwa na haki ya kuona siku ile.

Ila lilikuwa Dar. Na Dar ndiko kila kitu kilikokwenda tangu mwanzo.

Ninachokitaka mimi ni Afande Sele, Uwanja wa Jamhuri, akiwa hai na akiwa na sauti yake. Na asipande na CD. Apande na bendi. Wakongwe wa hip-hop siku hizi wanapenda kupigiwa vyombo halisi, na mji unaostahili hilo kuliko wote ni ule uliokuwa na Cuban Marimba na Morogoro Jazz, mji ambao magitaa yake yalikufa kidogo kidogo wakati vijana wake wakipanda mabasi kwenda kutafuta midundo ya kwenye mashine. Wapigaji wa zamani wapo bado, wazee wa kanisani na wa harusini, na watoto wao wapo. Waitwe. Wakae wiki mbili na Afande wakichambua nyimbo zake, saksafoni itafute mahali pake katikati ya vina. Stamina, ambaye ni mtoto wa mji huu na anajua kuchana, afungue onyesho. Wasichana wa Moro wanaoandika mistari wapewe nafasi ya kweli, si ya kujaza muda wakati maiki zinajaribiwa. Sauti irekodiwe vizuri na haki yake iandikishwe kwa jina la msanii. Na lianze saa kumi alasiri, ili mama zetu nao waje.